Mama Anyonyeshaye na Mtoto Wake Gerezani: Mfano wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu aliyefungiwa. Aliyehukumiwa ni mfungwa. Anayesubiri kesi yake ni mahabusu. Aliyeshikwa usiku akalazwa kituoni yumo korokoroni au, kama wasemavyo wengi siku hizi, yumo seli. Hata nyumba yenyewe ina majina mawili: jela, lililotokana na Kiingereza, na gereza, ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hata hivyo, yumo mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo ambaye lugha haijampa jina. Naye ni mtoto mchanga aliyeingia akiwa kifuani au mgongoni mwa mama yake. Si mfungwa, kwa kuwa hakuhukumiwa. Si mahabusu, kwa kuwa hashtakiwi. Wala si mgeni, kwa kuwa wageni huondoka muda wa kutembelea unapokwisha. Baadhi ya watu humwita "mtoto wa jela", jina linalombandika kosa lisilokuwa lake.

Makala haya yanamwangalia mtoto huyo pamoja na maziwa anayoyanyonya, hasa katika kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, yaani Migori na Homa Bay. Miji mikuu ya kaunti hizo ina mahakama na magereza yanayopokea wanawake kutoka eneo pana sana: visiwa vya Ziwa Viktoria kama Mfangano na Remba, mashamba ya miwa ya Awendo, bonde la Lambwe, nyanda za Wakuria huko Kehancha, na mji wa mpakani wa Isebania. Ni eneo lenye virusi vya UKIMWI na malaria kwa kiwango cha juu kuliko sehemu nyingi za Kenya, na kama itakavyoonekana, mambo hayo mawili hulibadilisha kabisa suala la kunyonyesha kizuizini. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba sheria imemfungulia mtoto mlango wa gereza ili asitengwe na mama yake, lakini maziwa yenyewe hayaletwi na sheria. Huletwa au hukatizwa na maamuzi madogo madogo ya polisi, hakimu, mpishi, muuguzi na jamaa, na mengi ya maamuzi hayo hufanywa kabla mama hajalifikia lango la gereza.

Neno moja la sheria

Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90, katika kifungu cha 30, inaruhusu mtoto mchanga wa mfungwa wa kike kupokewa gerezani pamoja na mama yake, na kupewa nguo na mahitaji mengine kwa gharama ya umma. Papo hapo inaweka mpaka. Mtoto akishaachishwa ziwa, afisa msimamizi anatakiwa kumkabidhi kwa jamaa au marafiki walio tayari kumlea na wenye uwezo huo. Wakikosekana, mtoto hupelekwa kwenye taasisi ya ustawi iliyoidhinishwa. Katika utekelezaji, kikomo kinachojulikana ni umri wa miaka 4.

Inafaa kutua kidogo juu ya neno hilo, kuachishwa ziwa, ambalo watu wa pwani huliita kulikizwa. Kulikiza si tukio la siku moja. Mtoto huanza kulamba uji akiwa na miezi 6, akala ugali na mchuzi akiwa na mwaka, na bado akanyonya usiku hadi miaka 2 na zaidi. Ni siku gani basi ambapo afisa atasema kwamba mtoto huyu ameachishwa? Kipimo kinachotegemea titi kina hatari mbili zinazovutana. Mama aliyesikia kwamba ziwa ndilo kibali cha mwanawe kubaki naye anaweza kuogopa kumpa uji wakati ufaao, asije akaonekana amemlikiza. Kwa upande mwingine, mama ambaye maziwa yake yamepungua kwa njaa au kwa majonzi anaweza kunyang'anywa mtoto kwa sababu ya upungufu uliosababishwa na gereza lenyewe. Kipimo cha miaka kina udhaifu wake pia, ila angalau hakimwadhibu mtoto kwa kukauka kwa maziwa. Nchi jirani na za mbali hazikubaliani juu ya jambo hili: Uganda iliweka miezi 18 katika sheria yake ya mwaka 2006, na Afrika Kusini ikapunguza kikomo chake kutoka miaka 5 hadi miaka 2.

Juu ya sheria hiyo iko Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, malazi na huduma ya afya, na kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Hakikusema kila mtoto aliye nyumbani kwao. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, una kifungu kizima, cha 30, kwa ajili ya watoto wa mama waliofungwa, na agizo lake la kwanza ni kwamba mahakama ifikirie kwanza adhabu isiyokuwa ya kifungo. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2010, zinaeleza kwa ukaribu zaidi: mama anyonyeshaye apewe ushauri wa lishe na chakula cha kutosha kwa wakati bila malipo, asizuiwe wala kukatishwa tamaa ya kunyonyesha isipokuwa kwa sababu mahsusi ya kiafya, na mtoto aliye gerezani na mama yake asitendewe kamwe kama mfungwa.

Kwa maandishi, basi, mtoto huyu amelindwa vyema. Swali ni anakula nini.

Maziwa hutoka wapi

Mwili wa mama hauweki maziwa akiba kama maji mtungini. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, nao huachilia homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Kadiri mtoto anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoongezeka. Asiponyonya, na maziwa yasipokamuliwa, mwili huhesabu kuwa hayahitajiki tena. Hofu, fedheha na maumivu huweza kuichelewesha oksitosini, maziwa yakawemo lakini yasitoke. Ndiyo maana mama aliyetoka kusomewa hukumu anaweza kumpakata mwanawe, mtoto akanyonya na kulia kana kwamba titi ni tupu. Aliye karibu naye, kama hajui jambo hili, atasema maziwa yamekauka. Hayajakauka. Mama huyo akipewa mahali pa kuketi kwa utulivu, maji ya kunywa, na nafasi ya kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mara nyingi maziwa hurudi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ili kuyatengeneza maziwa hayo, mwili wa mama huhitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, yaani karibu mlo mmoja mdogo wa ziada. Maziwa yenyewe ni maji kwa kiasi cha asilimia 87 au 88, hivyo kiu ya mama anyonyeshaye si anasa. Watu wengi hudhani mama akila vibaya maziwa huharibika mara moja. Kwa kawaida sivyo. Mwili humpendelea mtoto: huyachukua mafuta kwenye akiba ya mama na kalisi kwenye mifupa yake, ukaendelea kutengeneza maziwa yenye nguvu huku mama mwenyewe akidhoofika. Baadhi ya virutubishi, hata hivyo, kama vitamini A na aina kadhaa za vitamini B, hupungua katika maziwa vinapopungua kwa mama. Gereza linalompimia mama anyonyeshaye posho sawa na ya mfungwa mwingine yeyote linawalisha watu wawili kwa sahani ya mmoja, na deni hilo hulipwa na mifupa ya mwanamke.

Nyongeza hiyo haihitaji kutoka mbali. Omena wa ziwani, ambao huanikwa kwenye fuo za Mbita, Sori na Homa Bay yenyewe, ni samaki mdogo aliwaye na mifupa yake yote, na kwa hiyo ana protini na kalisi nyingi. Osuga, ambayo Waswahili huiita mnavu, dek, apoth ambayo ni mrenda, na majani ya kunde ni mboga ambazo kila mama wa sehemu hizo anazijua, na nyingi huota hata pembeni mwa shamba dogo. Uji wa wimbi au mtama, ambao Wajaluo huuita nyuka, ndio chakula ambacho mzazi hupewa nyumbani. Desturi za pwani nazo humpa mzazi siku 40 za kupikiwa, kukandwa na kukaa na mwanawe bila kushika kazi nzito. Iwapo jamii zimejua tangu zamani kwamba mwanamke aliyejifungua hulishwa kwa namna ya pekee, ratiba ya chakula cha gereza haina sababu ya kulisahau jambo hilo. Shamba la gereza linaweza kabisa kuwa na tuta la osuga.

Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu

Mara nyingi linapozungumzwa suala hili, macho huelekezwa kwenye gereza. Pengine mahali pa hatari zaidi ni kituo cha polisi, na wakati wa hatari zaidi ni saa za mwanzo.

Katiba, kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya kazi, muda husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Tuchukue mwanamke anayekamatwa Ijumaa saa 12 jioni kwa kosa la kupika chang'aa, naye ana mtoto wa majuma matatu aliyemwacha kwa jirani. Hadi Jumatatu saa 3 asubuhi ni saa 63. Mtoto wa umri huo hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku. Atakuwa amekosa kunyonya mara 21 kwa uchache, na huenda mara 31. Katika muda huo jirani atampa kilichopo: maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, uji mwepesi, maji ya sukari. Tumbo lililozoea maziwa ya mama pekee hupambana na maji ya kisima au ya ziwa, na katika eneo ambalo kipindupindu kimewahi kuzuka mara kwa mara, kuhara kwa mtoto wa majuma matatu si jambo dogo. Kule kituoni matiti ya mama hujaa, yakawa magumu kama jiwe, yakauma. Yasipokamuliwa huweza kuvimba na kutunga usaha, na mama akashikwa na homa. Jumatatu hakimu atamwona mwanamke mwenye nguo zilizolowa kifuani na asiyeweza kusimama vizuri. Kama ataachiliwa kwa dhamana siku hiyo, atamkuta mtoto aliyekwisha kuzoea chupa na maziwa yaliyoanza kupungua.

Yote haya yanaweza kuepukwa kwa swali moja linaloulizwa wakati wa kumwandikisha mshukiwa: je, una mtoto anayenyonya? Jibu liandikwe katika kitabu cha matukio, jamaa apigiwe simu amlete mtoto, na mama apewe chombo safi cha kukamulia ikiwa mtoto hawezi kuletwa. Dhamana ya polisi nayo ipo kisheria, na kifungu hicho hicho cha 49 kinasema masharti ya dhamana yawe ya kiasi. Kinasema pia kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6.

Swali hilo lazima liulizwe kwa lugha ambayo mama anaielewa. Hili ni jambo linalowahusu moja kwa moja wanaosomea lugha. Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa haki ya kupata mkalimani. Mwanamke wa Kehancha anayezungumza Kikuria nyumbani na Kiswahili cha sokoni anaweza kuitikia "ndiyo" kwa heshima mbele ya kila swali la Kiingereza, pamoja na lile la kama anakiri kosa. Masharti ya dhamana yakisomwa kwa haraka kwa lugha ya mahakama, yeye ataelewa jumla ya pesa tu, naye atarudi rumande na mtoto kwa sababu hakujua kwamba angeweza kuomba jumla hiyo ipunguzwe. Kufasiri neno "dhamana" sawasawa mbele ya mama kama huyo ni sehemu ya kumlisha mwanawe.

Vidonge vilivyobaki nyumbani

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima wa Kenya walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Katika Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, na Migori asilimia 13.0. Kwa hiyo, mtu anayezungumza juu ya kunyonyesha katika magereza ya kaunti hizi bila kuzungumzia virusi hivyo ameliacha nusu ya jambo.

Historia ya ushauri wenyewe imewachanganya wengi. Miaka ya mwanzo ya karne hii mama mwenye virusi mara nyingi aliambiwa achague: ama amnyonyeshe mtoto na kuhofia kumwambukiza, ama ampe maziwa ya kopo na kuhofia kuhara na utapiamlo. Kuanzia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 msimamo umekuwa tofauti. Mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi kila siku, na ambaye mtoto wake naye hupewa dawa ya kinga katika kipindi cha mwanzo, anaweza kunyonyesha, na hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka hadi kiwango cha chini sana. Mwaka 2016 mwongozo huo ulipanuliwa hadi miezi 24 na zaidi. Maelfu ya watoto wa kandokando ya ziwa wamekua salama kwa njia hiyo.

Lakini njia hiyo yote imesimama juu ya sharti moja: dawa isikatizwe. Mama akikamatwa sokoni, vidonge vyake viko nyumbani, pengine ndani ya bati lililofichwa ili mume au mama mkwe asilione. Siku ya kwanza hupita. Siku ya pili, mbele ya wanawake kumi asiowajua na askari aliye mlangoni, atasemaje kwamba anahitaji dawa, na kila mtu akajua ni dawa gani? Atanyamaza. Virusi vilivyokuwa vimelazwa vikianza kuongezeka katika damu, huongezeka pia katika maziwa, na mtoto yupo kifuani anaendelea kunyonya. Kwa mama wa namna hii, kizuizi cha majuma machache bila dawa kinaweza kubatilisha kazi ya kliniki ya mwaka mzima. Hospitali za rufaa zipo katika miji yote miwili, Migori na Homa Bay, na rekodi za wagonjwa zipo kliniki. Kinachohitajika ni kwamba muuguzi amwone kila mama aliyeletwa na mtoto, faraghani, siku ya kwanza, na si baada ya mama mwenyewe kujitangaza.

Malaria ina mantiki kama hiyo. Eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini, na ilikuwa Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ambako chanjo ya malaria kwa watoto ilizinduliwa nchini Kenya tarehe 13 Septemba 2019. Ratiba iliyoanzishwa wakati huo ilikuwa na dozi 4, mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Mtoto anayeingia gerezani akiwa na miezi 5 anaweza kukosa dozi tatu mfululizo kwa sababu tu kijitabu cha kliniki kimebaki kwenye kabati huko kijijini. Neti juu ya kitanda, kijitabu mkononi, na safari ya kliniki kwa tarehe yake: hivyo vitatu si vya gharama kubwa.

Wahisani na chupa zao

Nyakati za sikukuu, makanisa, vyama vya wanawake na wanafunzi wa vyuo huyatembelea magereza wakiwa na zawadi. Nia yao ni njema na si vizuri kuikejeli. Lakini zawadi inayopendwa zaidi, ile inayoonekana vizuri kwenye picha, ni kopo la maziwa ya unga pamoja na chupa yenye chuchu ya mpira. Kopo moja huisha upesi. Wakati huo mtoto amezoea chupa, titi limepunguza maziwa, na hakuna kopo la pili. Chupa nayo huhitaji maji yaliyochemshwa kila mara, sabuni na mahali pa kuianika, katika jengo ambalo kuni na maji hugawiwa kwa saa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kudhibiti vyakula mbadala vya maziwa ya mama ilitungwa kuzuia madhara ya namna hii kwa kuwawekea mipaka watengenezaji na wauzaji. Aliye na nia ya kusaidia angeleta omena mkavu, unga wa wimbi, ndoo yenye kifuniko, sabuni, nepi za kitambaa, neti, na kikombe kidogo kisicho na mdomo mwembamba, ambacho huosheka kwa urahisi. Maziwa ya kopo yana nafasi yake, kwa mtoto ambaye mama yake hawezi kunyonyesha kwa sababu za kitabibu, lakini hilo ni la daktari kuamua na ni la serikali kulitimiza hadi mwisho.

Hapa kuna kinaya cha kisheria kinachostahili kutajwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Askari wa kike anayelinda wadi ya mama na watoto ni mfanyakazi. Chumba hicho ni haki yake. Mwanamke aliye upande wa pili wa komeo, anayenyonyesha mara kumi kwa siku, hakutajwa katika kifungu hicho. Kama gereza litajenga chumba kimoja chenye kivuli, kiti na bomba la maji, hakuna sheria inayowakataza wote wawili kukitumia.

Mbele ya hakimu

Msaada wote uliotajwa ni wa mama aliyekwisha kufungwa. Msaada mkubwa zaidi ni kumwepusha na kifungo pale inapowezekana. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya kifungo kisichozidi miaka 3, naye akalala kwake. Mwanamke aliyepika chang'aa ili apate karo anaweza kufagia soko la Rongo asubuhi na kunyonyesha mchana. Afisa wa urekebishaji tabia ndiye anayeiandikia mahakama taarifa ya hali ya nyumbani; taarifa isiyotaja umri wa mtoto na jinsi anavyolishwa ni pungufu.

Kesi nyingine hazina wepesi huo. Katika sehemu za Wakuria wa Migori, mama hushtakiwa kwa kumpeleka binti yake kukeketwa. Sheria ya mwaka 2011 inaweka adhabu ya chini ya miaka 3 gerezani au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Ni sheria iliyotungwa kumlinda mtoto wa kike, na ni haki kuwa kali. Lakini mama huyo huyo anaweza kuwa na mtoto mwingine wa miezi minne mgongoni. Kumlinda mtoto mmoja kwa namna inayomfungia mwingine ni tanzi ambalo hakimu hawezi kulikata kwa sentensi moja, na ni afadhali likiri hivyo kuliko kudai kwamba mtoto wa pili hayumo katika kesi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikumbana na suala la namna hiyo mwaka 2007, katika shauri la mama aliyewalea peke yake watoto watatu na aliyepatikana na hatia ya udanganyifu. Jaji Albie Sachs, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, hakusema kwamba kuwa mama ni kinga dhidi ya jela. Alichotaka ni hakimu achunguze, kabla ya kutoa adhabu, itawafikaje watoto. Kwa kesi ile mama alibaki nje chini ya uangalizi.

Siku ya kukabidhiwa

Mtoto aliyezaliwa wakati mama yake yumo kizuizini huandikishwa kama watoto wengine. Kanuni za Umoja wa Mataifa zijulikanazo kwa jina la Mandela, za mwaka 2015, zinataka uzazi ufanyike hospitalini nje ya gereza kila inapowezekana, na mtoto akizaliwa ndani, cheti chake kisitaje jambo hilo. Agizo hili lina uzito wa pekee miongoni mwa Wajaluo, ambao mtoto wao huchukua jina kutokana na hali ya kuzaliwa kwake: Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Mama huyu naye humpa mwanawe jina la saa au la mvua, na hapo gereza halimo.

Kisha muda hufika wa mtoto kutoka na mama kubaki. Sheria inasema akabidhiwe jamaa aliye tayari na mwenye uwezo. Katika Migori na Homa Bay jamaa huyo mara nyingi ni bibi, na si mabibi wachache ambao tayari wanalea wajukuu yatima walioachwa na UKIMWI. Utayari upo, uwezo ndio wa kuulizwa, na kumuuliza bila kumwongezea chochote ni kumtwika tu. Kanuni za Bangkok zinataka mtoto aondolewe kwa uangalifu, baada ya malezi mbadala kupatikana, na apewe nafasi ya kuonana na mama yake baadaye. Kwa bibi wa Mfangano hiyo ni safari ya mashua hadi Mbita, kisha gari hadi mjini, akiwa na mtoto mkononi, kwa ziara ya dakika chache.

Kuna jambo jingine ambalo taarifa za ustawi hazilitaji. Katika wadi yenye Wajaluo, Wakuria, Waluhya, Wakisii na pengine mfanyabiashara wa Sirari, lugha ya wote ni Kiswahili. Huenda mtoto akatoka akiwa na miaka 3 akizungumza Kiswahili cha askari na wafungwa, akijua "hesabu" kuwa ni kupanga mstari asubuhi, na akafika kwa bibi ambaye humwimbia kwa Kijaluo tu. Maandalizi ya mtoto kama huyo yangeanza miezi kabla ya siku yenyewe: bibi aletwe mara kadhaa, aketi na mtoto wadini, amlishe nyuka kwa mkono wake, amfundishe kuita maji na ng'ombe kwa lugha ya nyumbani huku mama yupo anasikiliza. Nauli ya ziara hizo ni ndogo, na hadi sasa hakuna kifungu kinachosema ni nani wa kuilipa.